Mshumaa Mfupi Hufa Kwanza



Kando ya ziwa Kivu, upande wa kaskazini, katika njia itokayo Goma kwenda Sake, nchi yote ni mawe meusi. Mawe hayo yalikuwa moto. Yalitoka katika volkano zamani, yakatiririka kama uji, kisha yakapoa. Katikati yake kuna mabonde madogo na mashimo, na ndani ya mashimo hayo majani huota mazuri, mabichi hata wakati wa kiangazi. Mbuzi huyapenda sana.

Asubuhi moja, jua lilipokuwa bado kutoka, tulikuwa tukienda shuleni pamoja na watoto wachache wa darasa letu la pili. Tukakuta watu wamesimama ukingoni mwa shimo la namna hiyo. Chini walilala mbuzi wawili, wamekufa, bila jeraha wala damu. Mwenye mbuzi, mtu mrefu, alikuwa ameshuka hatua tatu ili awatoe, kisha wenzake wakampigia kelele, akapanda tena. Alikuwa mzima, ila alisema kichwa kinamwuma. Watu wakatikisa vichwa, wakasema neno moja tu: "Mazuku."

Hapo mtoto mmoja akatushika mkono, akauliza, "Bwana mwalimu, mbona mbuzi wamekufa na baba huyu hakufa? Wote walikuwa mahali pamoja."

Nasi tulijibu nini? Tulisema, "Twende, kengele itapigwa. Mambo hayo utayasoma katika darasa la sita."

Mtoto akanyamaza, maana alifundishwa kumheshimu mwalimu. Lakini mchana kutwa jibu letu lilituchoma moyoni. Mtoto yule hupita njia ile kila siku kwenda kuteka maji, naye hufuatwa na mdogo wake ambaye hajaanza shule. Kati ya darasa la pili na darasa la sita kuna miaka minne. Je, shimo litamngojea miaka minne?

Tangu siku ile tulianza kufundisha sayansi kwa njia nyingine. Leo twapenda kuwaelezeni habari hiyo, ninyi wazazi, ninyi walimu wenzetu, nanyi vijana mnaosoma ili mwe walimu kesho.

Tulivyofundishwa sisi

Tusimlaumu mtu. Walimu wetu walikuwa watu wema na wenye bidii. Lakini sayansi tuliipokea kama wimbo. Mwalimu aliandika ubaoni, kwa Kifaransa, kwamba hewa ni kitu kisicho na rangi, kisicho na harufu, kisicho na ladha. Sisi tukaimba maneno hayo mara kumi, tukayaandika daftarini kwa mwandiko mzuri, na siku ya mtihani tukapata alama kumi kwa kumi. Mtu angalituuliza, "Hewa iko wapi?" tungaligeuka kuutazama ubao.

Katika shule za Ufaransa za karne ya 19 somo hili la watoto wadogo liliitwa "somo la vitu". Jina zuri! Maana yake ni kwamba kitu chenyewe kije kwanza mbele ya macho ya mtoto, ndipo neno lifuate. Lakini mahali pengi kitu kiliondoka polepole, pakabaki picha ya kitu. Kisha picha nayo ikaondoka, pakabaki neno. Mtoto akaachiwa neno peke yake, kama mtu aliyepewa ganda la yai na kuambiwa ale.

Sisi pia, tulipokuwa walimu, tuliendelea vivyo hivyo. Mtu hufundisha kama alivyofundishwa, mpaka kitu kimshtue. Sisi tulishtushwa na mbuzi wawili.

Mazuku ni nini?

Wazee wa nchi hii walilijua jambo hili kabla yetu. Wao ndio walioyapa mazuku jina, na watu wengi hueleza kwamba maana yake ni upepo mbaya. Wao ndio waliokataza watoto kulala katika mashimo, na kupita humo alfajiri. Hata wataalamu wa volkano kutoka nchi za mbali, wanapoandika habari za mashimo haya katika vitabu vyao, hutumia neno hilo hilo la mazuku. Basi tusiwacheke wazee. Walitazama, wakakumbuka, wakaonya. Huo ni mwanzo wa sayansi.

Lakini wengine waliongeza kwamba ni pepo au uchawi, wakamtafuta jirani wa kumshtaki. Hapo ndipo yatupasa kueleza vema.

Chini ya nchi yetu kuna moto wa volkano. Mlima Nyiragongo, wenye urefu wa metre 3,470, ulitoa moto mwaka 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, moto ukapita katikati ya mji wa Goma, tena tarehe 22 Mei 2021. Hata wakati mlima umetulia, hewa hutoka chini na kupanda kwa nyufa za mawe. Hewa hiyo huitwa gazi karboniki; wengine huiita hewa ukaa. Si kitu kigeni. Sisi sote tunaitoa tunapopumua, na ndiyo inayofanya povu katika limonadi na katika bia. Katika hewa safi imo kidogo sana, kama sehemu 4 katika sehemu 10,000. Lakini ikifika sehemu 10 katika 100, mtu huzimia kwa dakika chache, na asipotolewa hufa.

Tena gazi hii ina tabia moja ambayo ni lazima kila mtoto wa Kivu aijue: ni nzito. Uzito wake ni kama mara moja na nusu ya uzito wa hewa tunayopumua. Kwa hiyo hutiririka chini kama maji na kulala katika mashimo. Haina rangi, jicho haliioni. Usiku na alfajiri, wakati upepo umelala, shimo hujaa. Upepo ukivuma mchana, hupungua, lakini haiishi daima.

Sasa swali la mtoto lina jibu. Mbuzi huinamisha kichwa chini, ndani ya gazi. Mtu mrefu, akisimama, kichwa chake huweza kuwa juu ya gazi. Wote walikuwa mahali pamoja, lakini hawakupumua hewa moja. Naye mtoto? Mtoto ni mfupi. Mtoto yu karibu na mbuzi kuliko na baba yake.

Tulipoyafahamu hayo, tulikosa usingizi. Tena tulijiuliza: tumwambieje mtoto wa miaka saba? Tukiandika ubaoni "gazi karboniki ni nzito kuliko hewa", ataimba, atapata alama kumi kwa kumi, kisha atashuka shimoni kufuata mbuzi wake.

Glasi, siki na mishumaa miwili

Tulifanya masomo matatu, kwa juma tatu.

Juma la kwanza tulileta beseni la maji na glasi. Tukasokota kipande cha karatasi, tukakisukuma mpaka kwenye kitako cha glasi kisianguke. Tukauliza, "Nikiigeuza glasi kinywa chini na kuizamisha yote majini, karatasi itakuwaje?" Watoto wote wakapaza sauti, "Italowa!" Tukazamisha glasi wima, tukaitoa, tukampa msichana mmoja akaigusa karatasi. Kavu! Darasa likawa kelele tupu. Kila mtoto alitaka kujaribu mwenyewe. Walipoinamisha glasi kidogo majini, mapovu yakatoka, na maji yakaingia mahali pake. Mvulana mmoja akasema, "Glasi haikuwa tupu. Kulikuwa na mtu ndani." Mtu huyo ndiye hewa. Hatukuandika neno ubaoni mpaka walipokwisha kuiona kazi yake.

Juma la pili tulileta siki, na ule unga mweupe wa bikarbonati ambao akina mama huutia katika maharagwe ili yaive upesi. Asiye na siki atumie maji ya ndimu. Tukatia kijiko kimoja cha unga ndani ya jagi, tukamimina siki. Povu likapanda likivuma. Povu lilipotulia, tukaliinamisha jagi polepole juu ya mshumaa uliowashwa, tukiangalia siki isimwagike. Jagi lilionekana halitoi kitu. Lakini mshumaa ukazimika. Watoto wakanyamaza kimya, kisha mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu amemwaga kitu ambacho hakipo." Tukamwambia, "Kipo. Sema: kitu ambacho hatukioni." Hapo wakajua mambo mawili: kwamba kuna hewa nyingine isiyokubali moto, na kwamba hewa hiyo humwagika kwenda chini kama maji.

Juma la tatu tulileta sufuria yenye kina. Ndani tulisimamisha mishumaa miwili: mmoja mfupi kama kidole, mwingine mrefu karibu kufika ukingoni. Tukanyunyiza chini vijiko vitatu vya bikarbonati, tukawasha mishumaa, kisha tukamimina taratibu glasi moja ya siki ukutani mwa sufuria.

Twakiri kwamba mara ya kwanza tulishindwa. Mishumaa yote miwili iliendelea kuwaka, nasi tukaona haya mbele ya watoto. Dirisha la darasa letu halina kioo, na upepo wa ziwa ulikuwa ukivuma. Tulikuwa karibu kufunga somo, msichana wa benchi la nyuma akasema, "Bwana mwalimu, labda upepo umeichukua." Tukafunga mlango, tukaziba dirisha kwa mkeka, tukaanza tena. Povu likapanda, likatulia. Mshumaa mfupi ukayumba, ukafa. Mshumaa mrefu ukabaki unawaka.

Watoto waliuona ule moshi mwembamba wa mshumaa mfupi. Hakuna aliyecheka. Yule mtoto wa njia ya Sake, ambaye tulikuwa tumemnyima jibu, akasimama bila kuitwa, akasema, "Mshumaa mrefu ni yule baba. Mshumaa mfupi ni mbuzi." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Na mimi. Na mdogo wangu."

Hatukuwa na neno la kuongeza. Na yule msichana wa nyuma, kwa kosa letu la dirisha, alikuwa amewafundisha wenzake kwa nini shimo huwa kali zaidi alfajiri kuliko mchana wenye upepo. Somo lililoshindwa lilizaa somo jingine.

Ndipo tulipowapa sheria tatu, nao wakazipokea kama watu wenye akili, maana walijua sababu yake. Kwanza: usishuke kamwe katika shimo lenye mazuku, hata kufuata mbuzi, hata kufuata mpira. Pili: ukimwona mtu ameanguka humo, usimfuate, piga kelele, waite watu wazima, kwa maana wengi hufa wakienda kuokoa. Tatu: ukikuta ndege, panya au wadudu wamekufa pamoja chini, rudi nyuma upande mahali pa juu. Tena tuliwakataza kwa ukali wasiende kupima shimo kwa moto. Gazi huweza kumdhuru mtu hata pale ambapo moto bado unawaka. Mshumaa wa sufuriani ni wa kufundishia. Shimo si darasa.

Njia yenye hatua nne

Walimu wenzetu watauliza, "Je, kila somo lataka mishumaa na siki?" Hapana. Linalotakiwa ni njia, na njia hiyo ina hatua nne: mtoto atazame; mtoto aseme anavyodhani; mtoto ajaribu; mtoto aeleze alichoona. Kazi ya mwalimu ni kuchagua kitu, kuuliza swali jema, na kuuzuia ulimi wake asitoe jibu mapema. Hatua ya mwisho ndiyo iliyo ngumu kwetu sisi tuliozoea kusema peke yetu.

Njia hii si mchezo wa walimu wa kijijini. Georges Charpak, mtaalamu wa Ufaransa aliyepata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1992, aliona katika mitaa maskini ya Chicago, huko Marekani, jinsi watoto wadogo walivyofundishwa sayansi kwa mikono yao. Mwaka 1996, pamoja na wenzake wa Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, alianzisha kazi iitwayo La main à la pâte, yaani mkono katika unga uliokandwa. Mama hajifunzi kukanda unga kwa kusoma karatasi, hutia mkono. Hata mtu aliyefika kilele cha elimu alirudi kuwatafuta watoto wa miaka sita.

Tena tukumbuke kwamba mtoto si mtu mzima aliyefupishwa. Jean Piaget, mwalimu wa Uswisi aliyekufa mwaka 1980, aliwaonyesha watoto wadogo glasi mbili sawa, zenye maji sawa. Kisha mbele ya macho yao maji ya glasi moja yakamiminwa katika glasi nyembamba na ndefu. Wengi wenye miaka minne au mitano walisema sasa glasi ndefu ina maji mengi zaidi. Jaribuni nyumbani, mtaona. Mtoto huyo si mjinga. Anafuata macho yake. Ukimgombeza, atajifunza kukuogopa tu. Ukimwacha amimine, arudishe, amimine tena mara nyingi kwa siku nyingi, siku moja atakuambia mwenyewe kwamba maji ni yale yale.

Vitu vya kufundishia tunavyo. Pandeni maharagwe katika makopo mawili, moja liwekwe dirishani, jingine chini ya sanduku lenye giza. Baada ya juma mbili watoto walinganishe rangi na urefu wa mashina. Simikeni fimbo uwanjani, watoto watie alama za kivuli asubuhi, saa sita na alasiri, wajue jua linapokwenda. Leteni beseni, na jiwe jeusi zito, na lile jiwe jepesi la volkano lenye matundu mengi. Waulizeni lipi litazama na lipi litaelea, kisha watie majini wenyewe.

Twajua madarasa yamejaa. Tangu mwezi wa Septemba mwaka 2019, shule ya msingi ya serikali ilipotangazwa kuwa bila malipo, watoto wengi waliokuwa wakikaa nyumbani waliingia shuleni, jambo la furaha. Lakini madawati hayakuongezeka kwa kadiri hiyo. Sisi wenyewe tuna watoto zaidi ya sitini. Basi tunawagawa vikundi kumi, kila kikundi na kopo lake na mkubwa wake. Siku hiyo kuna kelele, kweli. Lakini kuna kelele ya uvivu na kuna kelele ya kazi, na mwalimu mwenye sikio huzitambua.

Jambo la mwisho ni lugha. Sheria ya mafundisho ya mwaka 2014 yakubali lugha za nchi zitumike kufundishia. Tusione haya. Mtoto wa darasa la kwanza akisema kwa Kiswahili chake, "Hii hewa ni nzito, inashuka," amejua sayansi. Kifaransa kitakuja, nacho kitakuta nyumba imekwisha kujengwa. Kitaweka jina mlangoni tu.

Maneno ya wazazi

Baba mmoja alitujia shuleni akiwa amekasirika. Akasema, "Bwana mwalimu, mimi nimemleta mtoto asome na kuandika. Nasikia mnacheza na sufuria!" Tulimpa heshima yake, tukampa kiti, tukamwita mtoto wake, tukamwomba alete daftari lake. Humo alikuwa amechora sufuria na mishumaa miwili, na chini ameandika kwa mkono wake mwenyewe: Mfupi umekufa. Mrefu unawaka. Upepo ukiingia yote inawaka. Tukamwambia baba yule, "Maneno haya hatukuyaandika ubaoni. Mtoto ameyatafuta mwenyewe, kwa sababu alikuwa na kitu cha kusema." Baba akasoma mara mbili. Kisha akauliza, "Upepo ukiingia, kwa nini?" Tukamwachia mtoto amjibu. Mtoto mwenye kitu cha kuandika hujifunza kuandika upesi kuliko yule anayenakili.

Wengine husema, "Mkimzoeza mtoto kuuliza, atakuwa mjeuri, atawahoji wazee wake." Hofu hiyo twaielewa. Adabu ni mali kubwa ya jamaa zetu. Lakini kuuliza si utovu wa adabu. Adabu imo katika namna ya kuuliza. Tunawafundisha watoto kungoja zamu, kumwacha mwenzake amalize, kusema "mimi nadhani" badala ya "wewe wasema uongo". Na sisi wakubwa tujifunze neno moja gumu: "Sijui, tutafute pamoja." Neno hilo halimvunjii baba heshima.

Sikilizeni habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa sekondari huko Tanganyika. Walipokuwa wakitengeneza barafu ya maziwa, yeye alitia maziwa yangali moto katika mashine ya baridi, akaona yameganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amekosea, na wenzake wakamcheka. Hakuacha. Baadaye alimwuliza profesa Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuja kuwatembelea. Profesa naye aliona ni ajabu, lakini hakucheka, alirudi akajaribu. Mwaka 1969 wakachapisha habari hiyo pamoja. Hata leo wataalamu wanaendelea kubishana juu yake, nalo jambo lenyewe laitwa kwa jina la Mpemba. Mwalimu mmoja alifunga mlango; mwingine aliufungua. Kila siku, wasomaji wapendwa, nasi tumesimama penye mlango huo.

Kazi ya nyumbani

Mwafanya nini ninyi wazazi? Si lazima mjue Kifaransa, wala kununua kitu. Mama anapopika, amwulize mtoto kwa nini kifuniko cha sufuria hutoa maji kikifunuliwa. Baba anapolima, ampe mtoto kikopo cha udongo wa juu na kikopo cha udongo wa chini, aone rangi yake na wadudu waliomo. Mzee anayejua mashimo mabaya ya kijiji awaite wajukuu, awaonyeshe kwa kidole, akisimama mbali, na kuwasimulia yaliyotukia. Mtoto akiuliza usilolijua, mtume kwa mwalimu. Nasi tusipolijua, tutatafuta.

Lakini moto, viberiti na dawa za kuulia wadudu visiachwe mikononi mwa watoto kwa jina la sayansi. Mkono wa mtoto ujaribu. Jicho la mkubwa lilinde.

Twamaliza kwa habari fupi. Mwezi mmoja baada ya lile somo la mishumaa, tulipita tena katika njia ya Sake. Ukingoni mwa lile shimo tulikuta mawe yamepangwa mstari, mawe madogo ya kubebwa na mikono midogo, na fimbo mbili zimesimikwa, mmoja mfupi na mwingine mrefu. Juu ya fimbo fupi walikuwa wamefunga kitambaa chekundu. Mwenye mbuzi yule alikuwa akipita na wanyama wake kwa mbali, upande wa juu. Tulimsalimu, tukamwuliza nani ameweka alama zile.

"Ni watoto wenu, Bwana mwalimu," akajibu. "Wameniambia kwamba nikiinama kufunga kiatu mahali hapa, nami nitakuwa mshumaa mfupi."